Honda ya Mjomba nusura itumalize Kerege

Msomaji wangu, kama umewahi kupita Mbezi Beach kituo cha Makonde jioni jioni ukaona kijana amekaa juu ya pikipiki nyeusi ya kizamani, hajaiwasha wala haendi popote, anafutafuta tu vumbi lisilokuwepo, basi ujue ni mimi. Wala sijifichi. Pikipiki yenyewe ni Honda CB 250, silinda mbili, ya miaka ya 80. Imenizidi umri kwa mbali. Mjomba wangu aliinunua kwa baharia mmoja enzi hizo akifanya kazi bandarini, akaitunza kama mke mdogo, na mgongo ulipoanza kumsumbua akanikabidhi ufunguo. Akanipa na sharti moja.

"Mjomba, hii siyo bodaboda. Ukitaka kubadilisha kitu chochote, niulize kwanza."

Sikumuuliza. Mkasa wote umeanzia hapo.

Unajua tena mambo ya mjini. Boxer na TVS zimejaa kila kona, hata ukipiga honi hakuna anayegeuka. Mimi nikaona Honda yangu ingawa ni mzee haina sura. Usiku mmoja nikiwa kwenye simu nikakutana na picha za pikipiki za mashindano za zamani, zile zenye kava kubwa la mbele lenye kioo, linalomficha dereva kuanzia mikono mpaka kifuani. Wenyewe wanaliita feringi. Kazi yake kukata upepo. Nikasema potelea mbali, na mimi nitakuwa nalo.

Nisijichafue sana, nilikuwa na sababu ya heshima pia. Ukivuka kilomita themanini kwa saa kwenye pikipiki iliyo wazi, upepo unakusukuma kifuani kama konda anayekutaka ushuke. Mikono inauma, shingo inauma, machozi yanatoka bila msiba. Upepo una hesabu yake ya ukorofi: ukiongeza spidi mara mbili, toka hamsini hadi mia, wenyewe hauongezi mara mbili, unaongeza mara nne. Na injini ili ikufikishe huko inatakiwa kuupiga huo upepo kwa nguvu mara nane. Fizikia ya kidato cha nne nilipata D ya huruma, lakini hilo mwili wenyewe unakufundisha.

Basi bwana, nikateremka Kunduchi kwa mzee mmoja anayetengeneza mashua za faiba. Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akaigeuza simu chini juu, akacheka.

"Kijana, mimi hapa natengeneza vyombo vya majini. Lakini hii nayo si mashua iliyokatwa nusu?"

Tukakubaliana. Kava, kioo cha plastiki kutoka kwa wachora mabango wa Mwenge, na fundi wa kufunga, jumla laki moja na nusu. Hela hiyo ilikuwa malipo yangu ya makala za miezi miwili, na wahariri wakisoma hapa wataona haya wenyewe. Baada ya siku nne kava likawa tayari. Mzee kaipiga faiba ya nguvu, ile ya kugonga mwamba. Nikalipima kwenye mzani wa duka la mchele: kilo saba.

Fundi wa pikipiki aliniuliza swali moja tu, na swali hilo nimelikumbuka mara nyingi kuliko maswali yote ya mtihani wa taifa.

"Nilifunge kwenye fremu au kwenye usukani?"

"Tofauti ni nini, fundi?"

"Kwenye fremu inabidi nichomelee mabomba hapa mbele ya shingo, taa ihame, nyaya zirefushwe. Siku mbili, na elfu sitini juu. Kwenye usukani nalibana kwa klipu kwenye shokapu za mbele. Saa moja umeondoka."

Elfu sitini nilikuwa sina. Na kusema kweli nikaona kwenye usukani ndiyo poa zaidi, maana ukikata kona na kava nalo linageuka, linaangalia unakokwenda kama lina macho. Nikamwambia abane. Fundi hakunidanganya kitu. Aliniuliza, nikachagua mwenyewe.

Jioni ile nilipita Africana mara sita. Kuna binti wa geti kali mtaa wa pili ambaye nilikuwa namlenga yeye hasa. Mara ya sita akasimama, akaitazama Honda toka tairi mpaka kioo, nikajua leo leo. Akauliza, "Hilo jaba mbele ni la maji?" Nikawasha nikaondoka. Tuyaache hayo.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Julai, kusi limepamba moto. Mdogo wangu wa kike alikuwa anapeleka fomu zake chuo cha sanaa Bagamoyo, pale TaSUBa, na siku ya mwisho ilikuwa ndiyo hiyo. Toka akiwa darasa la tatu anaimba kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo, alikuwa hana ndoto nyingine. Mama akamwambia panda daladala. Mimi kwa kimbelembele nikasema ya nini kubanana, nitampeleka, kilomita hamsini na kitu tu, saa moja tumefika. Begi lake tukalifunga kwenye keria kule mwisho kabisa, nyuma ya tairi. Akavaa kofia ngumu, akanishika kiuno, akasema, "Kaka, taratibu lakini."

Tegeta, Boko, Bunju tulipita kistaarabu, hamsini hamsini kama sheria ya mjini inavyotaka, tena trafiki wenye tochi barabara ile hawana utani. Tulipovuka daraja la Mpiji tukawa mkoa wa Pwani, nyumba zikapungua, lami ikanyooka. Nikafungua mafuta.

Hapa lazima nilitendee haki kava langu. Lilifanya kazi. Kelele zote zikaisha. Nyuma ya kioo kulikuwa kimya kama msikitini saa nne asubuhi, mpaka nikawa namsikia mdogo wangu anaimba mgongoni kwangu. Mikono haikuuma, macho hayakutoa machozi. Nikasema kimoyomoyo, laki moja na nusu yangu hiyooo, imerudi. Nilidhani tunakwenda sabini. Nikateremsha macho kwenye spidi mita: tisini na tano. Kumbe ule upepo niliokuwa naulaani miaka yote ndiyo uliokuwa unaniambia punguza.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni usukani kuwa mwepesi. Sijui nikuelezeje wepesi huo. Ni kama umeshika mkono wa mtu aliyelala.

Tulikuwa tumeshapita Mapinga, Kerege hatujaifika. Kusi lilikuwa linatoka baharini, mkono wetu wa kulia na mgongoni kidogo. Mbele likaja lori la mchanga, limekaa upande wake vizuri tu, silisingizii. Lilipokuwa sambamba na sisi likatuzibia kusi lote, pikipiki ikatulia. Mkia wa lori ulipopita, upepo ukarudi wote kwa mkupuo na ukalipiga kava kwenye shavu la kulia.

Pikipiki ikiwa wazi, upepo wa namna ile unanipiga mimi. Nayumba, najirudisha, maisha yanaendelea. Safari hii haukunipiga mimi, ulishika usukani. Ukaugeuza kushoto, nikaurudisha, ukapitiliza kulia, nikaurudisha, ukapitiliza tena, na kila safari unazidi. Kichwa cha Honda kikaanza kutikisika kama mtu anayekataa, hapana hapana hapana, haraka kuliko mikono yangu inavyoweza kufuata. Halafu nyuma nako kukajibu. Pikipiki nzima ikawa inajinyonganyonga kama mkia wa kenge, huku mstari mweupe wa katikati ya barabara unakuja na kuondoka chini ya miguu yetu.

"Kaka! Kaka!"

Nikafanya kosa ambalo kila mtu angelifanya. Nikaukaba usukani kwa nguvu zangu zote. Ukizidi kuukaba, mtikisiko unapita mikononi unaingia mwilini, mwili unaurudisha kwenye pikipiki, ndiyo unazidi kuulisha. Vidole viwili vilikuwa tayari vimeshika breki ya mbele. Baadaye nimekuja kujua kwamba ningeivuta pale pale ningetumwaga wote, maana breki ya mbele inalisukumia uzito wa ghafla tairi ambalo lenyewe linatafuta pa kuelekea.

Sikuivuta. Na usidhani ni ujuzi. Mdogo wangu alinikumbatia kwa woga, akajitupa mgongoni kwangu na uzito wake wote mpaka kifua changu kikalala juu ya tangi la mafuta. Mkono wa kulia ukateleza, mafuta yakajifunga yenyewe. Uzito wetu ukawa umehamia mbele, spidi ikaanza kushuka kidogo kidogo. Themanini bado inatikisa. Sabini inatikisa lakini inachoka. Kwenye sitini hivi, kama mtu amezima swichi, Honda ikanyooka.

Nikaitoa pembeni kwenye mchanga. Magoti yalikuwa yanacheza ngoma peke yake. Mdogo wangu akashuka, akavua kofia, akafungua begi lake kwenye keria bila kuniomba msaada. Akalitazama lile kava kwa muda.

"Mjomba anajua?"

"Hajui."

Akasimamisha daladala ya Bagamoyo. Kabla hajapanda akasema, "Kama una nauli nipe, kama huna basi." Nikampa. Hakunisemesha siku tisa. Nazijua ni tisa kwa sababu nyumba yetu ina vyumba viwili, na kununiwa na mtu kwenye vyumba viwili ni kazi.

Nikarudi mpaka Kawe kwa Mjomba, spidi arobaini, bodaboda wote wananipita. Nilipofika tu nikajua habari zimenitangulia kwa simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Lete hiyo mashua yako niione."

Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akainuka polepole na mgongo wake, akaniambia niiweke kwenye stendi kubwa na nikandamize nyuma ili tairi la mbele lielee. Akashika shokapu zote mbili kwa chini, akazivuta mbele na nyuma. Kok, kok. Nikausikia mchezo huo kwa masikio yangu. Kisha akageuza usukani kwa kidole kimoja, taratibu. Ukaja vizuri, ulipofika katikati ukanasa kidogo, kama umeingia kwenye kashimo.

"Gololi za shingoni zimekula kikombe. Miaka yote inakwenda moja kwa moja, zimechimba pale pale katikati. Umeikuta lini hivi?"

"Sijui, Mjomba."

"Utajuaje, na hujaishika." Akabonyeza tairi la nyuma kwa dole gumba. Halina upepo wa kutosha. Akauliza begi lilikaa wapi. Nikamwonyesha mwisho wa keria. Akatikisa kichwa. Uzito umekaa nyuma ya tairi, unainua mbele kama mizani ya karanga. Huku juu upepo nao unaingia chini ya kava unainua mbele. Tairi la mbele limebaki linagusagusa lami tu, ndiyo ule wepesi niliousikia.

Halafu akaweka mkono juu ya kava.

"Mjomba, mimi na mama yako tumezaliwa Mlingotini. Umeshakwenda pale ufukweni. Umewahi kumwona nahodha anafunga tanga kwenye usukani?"

"Hapana."

"Anafunga wapi?"

"Kwenye mlingoti."

"Na mlingoti umekaa wapi?"

"Umekita kwenye chombo chenyewe."

"Kwa nini asifunge kwenye usukani? Si ndiyo rahisi, uko karibu na mkono?"

Nikanyamaza. Msomaji wangu, neno ni lile lile, usukani wa ngalawa na usukani wa Honda, nimelitamka maisha yangu yote na halijawahi kuniambia kitu. Tanga lililofungwa kwenye mlingoti linasukuma chombo, nahodha anabaki na usukani wake. Mimi nilikuwa nimeupa upepo usukani, halafu nikang'ang'ania kuupokonya kwa spidi ya tisini na tano.

"Nilikupa sharti moja," Mjomba akasema. Akanyoosha mkono. Nikaweka ufunguo kiganjani mwake. Nikapanda daladala kurudi Mbezi.

Wiki tatu alikaa nao. Usiku wa kwanza nilikaa na simu mpaka kifurushi kikakata, natafuta kama kuna mpumbavu mwingine duniani kama mimi. Nikakuta wamejaa, tena wataalamu. Moto Guzzi wa Italia walijenga handaki la kupimia upepo kwa ajili ya pikipiki huko Mandello del Lario mwaka 1950, wakawa wanatengeneza makava yanayofunika mpaka tairi la mbele, pikipiki inakuwa kama risasi. Spidi walipata kweli kweli. Lakini ukija upepo wa ubavuni, shavu lote lile lilikuwa tanga, na madereva waliobobea walikuwa wanahamishwa upande mmoja wa barabara kwenda wa pili. Chama cha pikipiki cha dunia, FIM, kikayapiga marufuku mwisho wa msimu wa 1957. Toka hapo tairi la mbele la pikipiki ya mashindano lazima lionekane. BMW nao mwaka 1976 walitoa R 100 RS, kava zima limetengenezwa kwa kupimwa kwenye handaki la upepo, na limefungwa wapi? Kwenye fremu. Nilitaka kumpigia Mjomba usiku ule ule nimwambie Wajerumani wamekubaliana na watu wa Mlingotini. Ilikuwa saa nane, nikaacha.

Nikajifunza pia kwamba ile mitikisiko ni miwili na kila mmoja una jina lake huko kwa wenzetu. Kuna wa kichwa peke yake, wa haraka haraka, mara sita mpaka kumi kwa sekunde moja. Na kuna wa pikipiki nzima kujinyonga, wa polepole, mara mbili mpaka nne. Mimi nilipewa yote miwili kwa bei ya mmoja. Tangu nijue hilo siwezi kumwona kijana wa kupeleka chakula na lile sanduku lake kubwa kule nyuma ya keria nisiangalie tairi lake la mbele. Na wale bodaboda wa Kenya wanaofunga mwamvuli juu ya pikipiki, wanapendeza kwenye jua na mvua nawaelewa, lakini nikiwaona kwenye video wamefungulia mafuta tumbo linanicheza. Mwamvuli ule ni tanga la hadhara.

Matengenezo yalikula makala za miezi mingine mitatu. Gololi na vikombe vyake vipya toka Kariakoo. Bushi za nyuma nazo, maana fundi alipofungua akakuta zimeisha. Mabomba yakachomelewa mbele ya shingo, taa ikahamia kwenye kava na kava likakaa kwenye fremu, sasa usukani unazunguka wenyewe ndani yake bila kuligusa. Mashavu mawili ya pembeni tuliyakata kwa msumeno ili upepo wa ubavuni upite. Mzee wa Kunduchi alipoliona akasikitika, akasema nimemharibia mashua. Limebaki kilo tano, na kusema ukweli haligeuki tena kuangalia kona. Linatazama mbele tu kama askari wa paredi.

Mjomba alikuja mwenyewe siku ya kujaribu, Jumapili alfajiri. Akakaa kwenye kiti cha plastiki uani kwetu na kikombe cha kahawa, akanipa ufunguo na maagizo: nivuke Mpiji, nipande kumi kumi, kila hatua nilegeze mikono nisikilize. Nikaenda. Hamsini, sitini, sabini. Kwenye themanini lori likanipita, upepo ukanisukuma mimi na pikipiki pamoja, kipande kimoja, kama mtu amekusogeza kwa bega kwenye foleni. Usukani haukusema kitu. Nikageuza nikarudi. Mjomba hakuuliza imefika ngapi, aliuliza, "Ilikuambia nini?" Nikasema haikuniambia kitu. Akamaliza kahawa yake.

Mdogo wangu fomu zake zilipokelewa. Sasa yuko mwaka wa kwanza Bagamoyo, anakuja mwisho wa mwezi kwa daladala, na Honda alikuwa anaipita pale uani kama jirani mwenye deni. Jumamosi iliyopita akasimama. Akalishika kava kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu.

"Hili limeshika wapi?"

Nikamwonyesha mabomba. Akainama kuangalia. Akaugeuza usukani kwa kidole kimoja, toka mwanzo mpaka mwisho, taratibu. Sijui Mjomba alimfundisha lini. Ukapita katikati bila kunasa.

"Nipeleke Makonde nikanunue chipsi," akasema. "Arobaini. Ikifika arobaini na moja nashuka."

Nikatafuta kofia yake. Tulikwenda thelathini na tano.